Mdogo wa Nani?

Zipo nchi zilizojaliwa mafuta, zipo zilizojaliwa dhahabu, na ipo moja iliyojaliwa mchakato. Ndiyo maana ikaitwa Jamhuri ya Mchakato. Ukiuliza barabara itakwisha lini, mchakato unaendelea. Ukiuliza daktari yuko wapi, mchakato unaendelea. Hata wimbo wa taifa lao haujawahi kufika ubeti wa mwisho, na wananchi husimama wima wakiungoja mpaka miguu inakufa ganzi. Mimi siwasemi vibaya. Ni watu wastaarabu, wanavaa suti kwenye joto, na sina ugomvi nao.

Basi kuna mwaka Bunge la nchi hiyo lilishikwa na huruma. Liligundua kwamba kila kitu kinachonunuliwa na Serikali, kuanzia ndege mpaka pini, kinauzwa na makampuni makubwa, na watu wa chini wanabaki kupigwa na jua. Wabunge wakalia machozi, wengine mpaka wakaomba posho ya machozi, kisha wakapitisha sheria nzuri kabisa: sehemu ya manunuzi yote ya Serikali itengwe kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Wakapiga makofi, wakaenda kula.

Kazi ikawa kwenye utekelezaji. Sheria ilipofika mezani kwa Mkurugenzi Mkuu wa Manunuzi, Mheshimiwa Kitojo, aliisoma, akarudia kuisoma, akavua miwani.

"Wadogo," akasema. "Wadogo wa nani?"

Wasaidizi wake wakatazamana. Kweli bwana! Mdogo lazima awe mdogo wa mtu. Kuna mdogo wake fulani na mdogo wake fulani, hakuna mdogo anayeelea tu hewani. Bunge zima lilikuwa limeiacha sentensi katikati na kwenda kula! Ikaundwa kamati ya kuimalizia. Kamati ikaenda kukaa kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, kwa kuwa sentensi ngumu haimalizwi penye joto, na baada ya semina elekezi na mbuzi wengi wa kuchoma ikarudi na neno moja tu la nyongeza, limeandikwa pambizoni kwa mkono: *zetu*. Wafanyabiashara wadogo zetu.

Tangu hapo sheria ikatekelezeka kwa ulaini wa ajabu. Mdogo wake Waziri wa Afya akapata zabuni ya vitanda vya hospitali. Alikuwa mzee wa mvi, ana malori mengi mpaka hajui idadi yake, lakini kaka yake ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kwa hiyo ni mdogo, utamfanya nini? Mdogo wake Katibu Mkuu akapata madawati ya shule zote. Redio ikatangaza kwamba wadogo wanaendelea vizuri sana, na kwamba baadhi yao sasa wanajenga ghorofa.

*

Katika mji mmoja wa nchi hiyo aliishi mpika sabuni aitwaye Sikudhani. Alipikia uani kwa mama yake, kwenye sufuria kubwa lililokuwa zamani la kupikia pilau za harusi, na kila mche wa sabuni ulitoka na jina lake limegandishwa juu: SIKUDHANI. Wateja waliligeuza jina likawa sifa. "Sikudhani ingetoa povu hivi!" walisema, wakacheka, wakanunua tena.

Mteja wake mkubwa alikuwa hospitali ya mji. Matroni akiishiwa sabuni alimtuma mtu kwenda kuchukua, yamekwisha. Sabuni hiyo ndiyo iliyomsomesha mdogo wake Sikudhani, Mashaka, hata kama shule yenyewe haikumkolea. Na ndiyo iliyomweka mama yao mjini karibu na dawa, maana alikuwa na kidonda cha mguu kilichokataa kusikia. Sufuria likichemka, nyumba ilikula na mguu ulifungwa bandeji. Likipoa, hapakuwa na mpango mwingine.

Ndipo sheria ya kumsaidia ikamfikia.

"Mwenzangu," matroni akamwambia, amejiinamia, "siruhusiwi tena kununua kwako. Imepita sheria ya kuwasaidia watu kama wewe."

"Inatusaidiaje sasa?"

"Sijui. Naambiwa mpaka ujiandikishe udogo."

Sikudhani alirudi nyumbani anacheka peke yake njiani. Udogo! Kama kuna kitu alichokuwa nacho tele bila kuombwa ni udogo. Akavaa gauni lake la sikukuu, akafunga mche mmoja wa sabuni kwenye gazeti kama kielelezo, akaenda.

*

Ofisi ya Wadogo lilikuwa jengo kubwa kuliko yote mjini. Ofisa wa usajili aliitwa Bwana Chambuso, mtu mpole, mwenye sauti ya kutoa rambirambi.

"Karibu, dada. Mdogo wa nani?"

"Mfanyabiashara mdogo. Wa sabuni."

"Sabuni haina wadogo. Nakuuliza wewe, mdogo wa nani?"

"Mimi sina mkubwa, baba. Kwetu mimi ndiye wa kwanza. Kifungua mimba."

Bwana Chambuso akaweka kalamu chini. "Maskini! Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Na muda wote huo hukuchukua hatua yoyote?"

Sikudhani akafungua lile gazeti akamwonyesha sabuni. Akaeleza kwamba biashara yake ni sufuria moja tu, uani kwa mama, na kama huo si udogo basi udogo ni nini. Bwana Chambuso alimsikiliza kwa huruma mpaka mwisho.

"Biashara ni ndogo, nakubali," akasema. "Lakini wewe mwenyewe ni mkubwa. Serikali haiwezi kumwinua mtu ambaye tayari ni mkubwa. Wenzako watasema tunapendelea."

"Kwa hiyo niende wapi?"

"Taratibu, dada, Serikali haimtupi mtu. Kuna Dirisha la Kushushwa." Akanyoosha kidole kwenye kidirisha pembeni, kimekaa chini sana, mtu hukifikia kwa kupiga magoti. "Unashushwa kwenye kuzaliwa. Cheo chako cha kifungua mimba anakipokea anayekufuata, na wewe unapewa kaka wa Serikali, unakuwa mdogo wake. Mheshimiwa Kitojo mwenyewe bado ana nafasi. Huyo anayekufuata anaitwa nani?"

"Mashaka."

"Mpe hongera. Na mama yako kuanzia sasa ataitwa Mama Mashaka. Huo ndio utaratibu, jina la mama linamfuata mtoto wa kwanza. Hatukuubuni sisi."

Hapo Sikudhani akaikunja upya sabuni kwenye gazeti. Mtaa mzima ulimjua mama yake kwa jina la Mama Sikudhani. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika, hata yeye mwenyewe alilisema kwa kulitafuta.

*

"Kwenye makaratasi tu, mama," alimwambia jioni hiyo. "Humu ndani hakuna kitakachobadilika."

Mama alikuwa amenyoosha mguu wake juu ya kigoda. Alifumba macho, mpaka Sikudhani akadhani amesinzia.

"Kabla sijakuzaa," mama akasema, "nilikuwa naitwa 'we binti'. We binti lete maji, we binti ondoa sahani. Mama mkwe hakuwahi kuniita jina. Siku ulipotoka ndipo wakaniita mtu. Sasa wanataka kunirudisha wapi?"

"Basi siendi."

"Utaenda. Sufuria likipoa tutakula jina?" Akageuza uso ukutani. "Nenda, mwanangu. Mimi nitazoea."

Aliyezoea haraka alikuwa Mashaka. Kijana hakungoja hata muhuri ukauke. Asubuhi yake alikalia kiti cha marehemu baba, akakohoa kikohozi cha kikubwa, akauliza ni nani aliyeruhusu chai isiwe na tangawizi. Mchana alimwita dada yake "mtoto" mbele ya wageni. Sikudhani alitamani kumnasa kofi la masikio, kisha akakumbuka kwamba kisheria huyo ni kaka mtu.

*

Sherehe ya kumzaa upya ilifanyika uwanjani, chini ya turubai, kwa matarumbeta. Mheshimiwa Kitojo alimshinda Sikudhani kwa kitambi tu, kwa umri alikuwa kijana wake kabisa, lakini Bwana Chambuso alieleza kwamba umri ni mambo ya zamani.

"Itifaki imezingatiwa!" Mheshimiwa akaunguruma. "Ndugu wananchi, na hasa wewe mdogo wangu uliyezaliwa leo kama saa nne hivi! Serikali yenu sikivu imekushika mkono, na nataka niseme hapa bila kumung'unya maneno: haitauachia! Hata ukitaka, haitauachia!"

Watu wakapiga vigelegele. Kisha Bwana Chambuso akasoma masharti kwa ile sauti yake ya msibani. Mdogo hasemi mkubwa wake anaposema. Mdogo humbebea mkubwa wake mkoba kwenye ziara. Mdogo hauzi bidhaa kwa mtu mwingine yeyote, maana huko ni kutafuta kaka mwingine, na ni utovu wa adabu. Mwisho, kwa kuwa si heshima jina la mdogo kuonekana mbele ya la mkubwa, kila mche wa sabuni utaondolewa neno SIKUDHANI na kugandishwa sura ya Mheshimiwa Kitojo, akitabasamu.

Zabuni akapata. Akapika usiku na mchana, tabasamu baada ya tabasamu, mpaka akawa anauota uso ule. Sabuni ikapelekwa hospitali kwa msafara wa pikipiki. Sikudhani akapumua. Alijiambia kwamba adha imekwisha, sasa ni kupika tu na kuuza.

Ukaja waraka.

Ilikuwa imeonekana, waraka ulisema, kwamba sabuni ikiloweshwa, sura ya Mheshimiwa huanza kuyeyuka, pua kwanza. Watumishi wawili walishuhudiwa wakimmaliza kabisa baada ya kushika vyombo vya kinyesi. Jambo hilo halivumiliki. Kuanzia tarehe ya waraka huo, ni marufuku kulowesha sabuni ya Serikali. Itumike ikiwa kavu.

Hospitali ikatii. Sabuni iliwekwa kwenye makabati ya vioo kila wodi na kwenye ukumbi wa kungojea, na manesi wakawa wanasimama mbele ya kabati na kusugua viganja vikavu kwa adabu. Wagonjwa wenye nguvu walitakiwa kusalimia kabati wanapopita kwenda chooni.

*

Sufuria likapoa. Sikudhani alirudi kwa Bwana Chambuso, na safari hii alivaa khanga za kawaida tu.

"Naomba hospitali iagize sabuni nyingine."

"Ile ya kwanza haijaisha."

"Haitaisha! Mmekataza isiguswe na maji!"

"Unaona inavyodumu?" Bwana Chambuso akatabasamu. "Tumeiandika kwenye taarifa ya mafanikio. Hakuna nchi jirani yenye sabuni inayodumu hivi."

"Basi niruhusuni niuze sokoni."

"Kwa kaka gani?"

"Kwa watu! Kwa wateja wangu!"

"Dada, dada, taratibu. Mkubwa wako akisikia?"

Sikudhani akashika ukingo wa meza. "Basi nataka kuacha. Nitoeni kwenye huu udogo."

Bwana Chambuso akasikitika kwa dhati, mimi namwamini. "Undugu haujiuzulu," akasema. "Umewahi kumwona mtu ameandika barua ya kuacha kuwa mdogo wa kaka yake? Hata dirisha lake hatuna. La kushuka lipo. La kupanda bado tunalitafutia fundi."

Sikudhani akatoka nje, akasimama kwenye ngazi, hajui aelekee wapi. Kuuza hawezi, kuacha hawezi, na ile ya kwanza haiishi. Alihisi hasira mpaka meno yakamuuma, na hasira yenyewe hakuwa na mtu wa kumpa, maana kila mtu ndani ya jengo lile alikuwa mpole kwake na kila mtu alikuwa amemsaidia.

Na nyumbani mguu wa mama ulikuwa umevimba. Manesi waliomfunga kidonda kwa viganja vikavu walikuwa wamekiongezea mambo. Sasa alihitaji daktari, na daktari wa mji mzima alikuwa mmoja. Mashaka, kama kaka mkubwa, ndiye aliyetakiwa kumpeleka mama hospitali. Alimpeleka, akamwacha benchini, akaenda kunywa kahawa na wakubwa wenzake.

Mama alirudi jioni bila kutibiwa. Kesho yake akarudi tena vilevile.

"Kwani hawakuiti?" Sikudhani akauliza.

"Wanaita watu wengine. Kuna mwanamke mmoja wanamwita sana, Mama Mashaka. Simjui ni wa wapi, haitiki." Kisha akajishika mdomo. Alikuwa amekumbuka. "Huwa najua, mwanangu, wakati natoka hapa huwa najua. Nikishakaa pale homa inapanda, lile jina naliacha njiani. Halinikai."

Utaratibu wa hospitali ulikuwa kwamba asiyeitika akiitwa hurudishwa mwisho wa foleni. Sikudhani aliapa kwamba kesho ataenda naye mwenyewe. Kabla hajalala ukaja ujumbe kutoka kwa Bwana Chambuso: kesho Mheshimiwa Kitojo anatembelea hospitali kukagua mafanikio, mdogo wake afike kumbebea mkoba.

*

Kwa hiyo walikuwa wote mahali pamoja. Mama benchini mwisho wa ukumbi, kichwa kimeegemea ukuta, jasho linamtiririka. Sikudhani mbele, karibu na kabati la kioo, amekumbatia mkoba wa ngozi. Mheshimiwa katikati yao, kamera zimemwelekea.

"Itifaki imezingatiwa! Ndugu wagonjwa! Mlipoingia humu mlikuwa hamna sabuni. Leo mnayo, na mnaiona!"

Mlango wa daktari ukafunguliwa. Nesi akachungulia na kuita kwa sauti ya chini, ya kutotaka kuikata hotuba. "Mama Mashaka."

Mama hakutikisika. Sikudhani akamkazia macho kutoka mbali, akainua kidevu, akakunja uso. Wapi! Macho ya mama yalikuwa wazi lakini hayakuwa na mtu.

"Na sabuni hii," Mheshimiwa akaendelea, "ni ushahidi kwamba wadogo, wakishikwa mkono..."

"Mama Mashaka!"

Sikudhani akavuta pumzi. Bwana Chambuso alikuwa kando yake. "Usiseme, mkubwa anasema," akamnong'oneza, bado kwa upole. "Ukisema utakuwa umekua. Zabuni itakwenda. Kaka atakwenda. Utarudi kuwa si kitu."

Nesi akatazama huku na huku, akainua mabega, akaanza kurudi ndani. Nyuma yake daktari alikuwa amekwisha kuvua koti jeupe, ana funguo za gari mkononi.

Mkoba ukaanguka sakafuni.

"Mama Sikudhani!"

Sauti ilipita juu ya Mheshimiwa, juu ya kamera, ikagonga ukuta wa mwisho. Na kwenye benchi, yule mama aliyekuwa mahututi akanyoosha shingo, uso ukamrudi, akaitikia kama alivyoitikia majirani maisha yake yote:

"Abee! Niko hapa!"

Sikudhani hakusubiri. Alifungua kabati la kioo, akachukua mche mmoja wa sabuni, akaenda nao kwenye bomba la ukutani. Mheshimiwa alijiona akiingia majini, pua kwanza, kisha miwani, kisha lile tabasamu. Povu likajaa. Sikudhani akampa nesi sabuni, nesi akatazama kamera, akatazama mguu wa mgonjwa, akanawa mpaka viwiko. Daktari akarudisha funguo mfukoni, na yeye akanawa.

"Sikudhani ingetoa povu hivi!" akasema mgonjwa mmoja benchini, na ukumbi mzima ukacheka, ndiyo mara ya kwanza tangu waraka.

*

Taarifa ya Serikali ilitoka jioni ileile. Ilisema ziara ilifana, na kwamba majaribio yamethibitisha kuwa sabuni ya Mheshimiwa Kitojo inatoa povu. Juu ya mpika sabuni, ilisema mtu mmoja anashikiliwa kwa makosa ya kukua bila kibali na kumwosha kaka yake uso hadharani.

Walimwachia baadaye, kwa sababu kosa la kukua halikuwa na adhabu iliyoandikwa. Likapelekwa kwenye kamati, na kamati ikaomba hoteli. Zabuni alinyang'anywa siku ileile ya ziara, akapewa Mashaka. Mashaka hakuweza kuipokea, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwa kifungua mimba, naye yumo foleni kwenye Dirisha la Kushushwa, amepiga magoti. Sikudhani haruhusiwi kuiuzia Serikali kwa kuwa amekua, na haruhusiwi kuuza sokoni kwa kuwa udogo wake haujafutwa. Sufuria limefunikwa kifudifudi uani, kuku wanalala juu yake. Familia inaishi kwa kufulia watu nguo, kwa sabuni ya kigeni isiyotoa povu.

Amri ya jina nayo bado ipo. Ni kosa mtaani kumwita yule mama vinginevyo, na majirani ni waoga, mimi siwalaumu. Lakini mguu wake umepona, na jioni hukaa barazani. Anayepita huangalia nyuma, huangalia mbele, hujifanya anafunga kamba ya kiatu, kisha husema kwa chini sana:

"Hujambo, Mama Sikudhani?"

Naye hajibu kwa chini. Huitikia kwa sauti inayofika mpaka kwenye dirisha la Bwana Chambuso, na binti yake, mikono ndani ya beseni la nguo za watu, husikia kila mara.

"Abee!"